Mcheza Kwao Hutunzwa: Jukwaa la Chuo Kikuu kati ya Kariakoo na Mlimani

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, chuo kikuu cha kwanza nchini kilifungua milango katika jengo la chama cha TANU, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Wanafunzi walikuwa kumi na wachache tu, wote wa sheria. Kati yao alikuwemo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye katika miaka ya 1970 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Mkuu wa chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt, na shahada waliyoisomea ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Lakini mwanafunzi aliyemaliza kipindi na kutoka nje alijikuta Uswahilini: mbele yake uwanja wa Mnazi Mmoja, na nyuma ya jengo mitaa ya Kariakoo.

Chuo kile hakikuwa na somo la maigizo wala la muziki. Vyote viwili vilikuwa nje ya dirisha, vikiendelea usiku na mchana bila kungoja idhini ya profesa yeyote. Baada ya miaka michache chuo kikahamia kilimani, na kazi ya miongo iliyofuata ikawa kuitafuta tena njia ya kurudi kwa watu. Nimeifuatilia historia hiyo na nimefikia imani moja: jukwaa la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limenawiri kila lilipoteremka mitaani na vijijini, na limepooza kila lilipojifungia Mlimani.

Mitaa iliyokwisha kuwa na sanaa yake

Wajerumani ndio waliopanga eneo la Kariakoo liwe makazi ya Waafrika. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps, na jina la mitaa hiyo likatokana na kambi hiyo. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na sehemu za Wahindi na Wazungu. Uwanja uliokusudiwa kuwa mpaka ukageuka mahali pa kukutania.

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Barazani watu waliongea na kucheza bao. Uani wanawake walifanya ngoma zao, za unyago na za harusi. Barabarani lilipita beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa na kusambaa bara kwa miguu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapa mjini vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, kwa vyeo vya kijeshi na kwa nyimbo za kejeli. Mpagazi wa jana alivaa magwanda ya jenerali na kutembea mbele ya watu wake kwa mwendo wa mkubwa. Hayo yalikuwa maigizo kamili, na hadhira yake ilikuwa mtaa mzima.

Kisha ikaja dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Katika miaka hiyohiyo wapenzi wa taarab wakajikusanya katika vyama kama Egyptian Musical Club. Miaka ya 1950 ukajengwa ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Ukumbi huo ulipokea wacheza dansi, waimbaji wa taarab na mikutano ya wanasiasa.

Siasa na sanaa hazikuwa mbali. Mwaka 1955 TANU ilipohitaji kuwapata wanawake wa Dar es Salaam, ilimtuma Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, na kila kiongozi akawaleta wanachama wake. Chama kiliuza maelfu ya kadi kupitia mtandao uliojengwa na waimbaji na wachezaji. Jengo lililokihifadhi chuo mwaka 1961 lilikuwa la chama hichohicho, kwa hiyo chuo chetu cha kwanza, bila wenyewe kujua, kilikuwa mpangaji katika nyumba iliyosaidiwa kusimama na wanangoma.

Kupanda Mlima, na kuteremka vibaya

Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, upande wa Ubungo, kilomita kadhaa nje ya mji wa wakati ule. Majengo yalikuwa mazuri na upepo wa kutosha. Nafasi ilikuwepo ya kukua, na chuo kilikua kweli. Lakini umbali ulikuwa na gharama yake. Aliyesoma Lumumba alinunua chai mahali pamoja na mchukuzi wa sokoni. Aliyesoma Mlimani alikula bwalini na wenzake.

Gharama hiyo ilidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi, wengi wao wamevaa majoho, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa agizo la kutoa sehemu kubwa ya mshahara wao wa baadaye. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza mamia yao siku hiyohiyo, na akatangaza kujipunguzia mshahara yeye mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa baadaye. Hata hivyo nchi ilikuwa imewaona wasomi wake wakishuka mjini kudai maslahi yao mbele ya watu waliokuwa wakiwalipia masomo.

Haikupita miezi minne Azimio la Arusha likatangazwa, tarehe 5 Februari 1967. Mlimani kukazuka mjadala mkali: chuo hiki ni cha nani, na kinafundisha nini? Ni katika mwaka huohuo masomo ya sanaa za maonyesho yalipoanzishwa. Mmarekani Herbert Shore alikuwa miongoni mwa waasisi, na muda si muda Watanzania kama Godwin Kaduma wakashika ufundishaji. Idara hiyo ilizaliwa, kwa hiyo, katika saa ya kuulizwa maswali, na maswali hayo yamekuwa ndani ya kazi zake bora tangu siku hiyo.

Kizazi cha kwanza

Walipoanza, mfano waliokuwa nao mbele yao ulikuwa wa kikoloni: michezo ya Kiingereza iliyochezwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu, na Shakespeare wa shuleni. Nyerere mwenyewe alikuwa ameonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba uzito huo alipotafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na baadaye Mabepari wa Venisi. Lakini tafsiri ilithibitisha uwezo wa lugha tu. Jukwaa lenyewe, namna ya kusimama, kusimulia na kuihusisha hadhira, lilibaki la kigeni.

Aliyelivunja kwanza kwa ustadi mkubwa alikuwa mwanafunzi aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, Ebrahim Hussein. Katika Wakati Ukuta alichukua ugomvi wa nyumba ya mjini: Tatu, msichana anayetaka kwenda sinema na kijana wake, na mama asiyetaka kusikia habari hiyo. Kila mzazi wa Kariakoo aliyekuwa na binti na sinema kadhaa za kufikika kwa miguu aliujua ugomvi huo. Katika Alikiona alikwenda kwenye kichekesho, mchezo mfupi uliowekwa katikati ya usiku wa taarab ili watu wacheke wakati wapiga muziki wakipumzika. Msomi wa chuo kikuu alikitazama kitu ambacho wasomi wenzake walikiona cha kupitishia muda, akakipa nafasi kitabuni. Michezo hiyo miwili ilichapishwa pamoja mwaka 1970.

Mwaka 1969 Hussein alikuwa tayari ametoa Kinjeketile. Mazingira ya chuo yalimsaidia: idara ya historia, iliyoongozwa na Terence Ranger, ilikuwa ikiandika upya historia ya nchi, na watafiti kama John Iliffe na G. C. K. Gwassa walikusanya kumbukumbu za wazee kuhusu Vita vya Majimaji. Hussein hakuiga kumbukumbu hizo neno kwa neno. Alimchukua Kinjeketile wa Ngarambe na kumfanya mtu anayeuona ujumbe wake ukimponyoka: watu wanayashika maji yake kwa imani kubwa kuliko yake mwenyewe, vita vinaanza kabla ya wakati, na mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu anajua vizazi vijavyo vitalihitaji neno lake. Nchi iliyokuwa na miaka minane ya uhuru na viongozi wenye maneno makubwa ilikuwa na sababu ya kuketi kimya na kuutazama mchezo huo.

Mashetani, ya 1971, ilikwenda ndani zaidi. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, ni marafiki, lakini Mapinduzi ya Zanzibar yameishusha familia ya mmoja na kuipandisha ya mwingine. Wanacheza mchezo wa binadamu na shetani, na mchezo unawateka. Humo lugha ya pepo na mbuyu, inayojulikana na kila bibi wa pwani, inabeba uchungu wa kitabaka ambao vitabu vya siasa vya Mlimani viliuandika kwa maneno makavu.

Ranger naye aliifanyia mitaa haki kwa njia ya utafiti. Baada ya kuondoka Dar es Salaam aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kilichotoka mwaka 1975. Ngoma iliyokuwa imepita mbele ya baraza za Kariakoo ilipata heshima ya kusomwa kama historia ya siasa na jamii ya Afrika Mashariki.

Penina Muhando na wenzake

Penina Muhando, baadaye Penina Mlama, alizaliwa Berega, Kilosa, mwaka 1948. Alisoma Mlimani, akabaki kufundisha, na kuanzia Hatia ya 1972 alitoa tamthiliya mfululizo: Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu, Pambo, Talaka si Mke Wangu. Aliandika kwa Kiswahili wakati wenzake wengi barani walitafuta hadhira ya Ulaya. Akarudi pia kwao Ukaguru kama mtafiti, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1983 ilieleza jinsi sanaa za jadi za Wakaguru zilivyofanya kazi ya kufunza jamii.

Nguzo Mama, ya 1982, ndiyo kazi yake ninayoipenda kuliko zote. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo. Kila mmoja ana mzigo wake, mume, deni, wivu au woga, na nguzo haisimami. Bi Msimulizi anawaeleza watazamaji mambo haya kama mtambaji anavyofanya, akiingia na kutoka katika hadithi. Mchezo haukumtukana mwanamke wala kumpamba. Ulimwonyesha mahali alipo, katikati ya mapambio ya kisiasa ya wakati ule yaliyosema kwamba ukombozi wake umekwisha patikana.

Karibu naye alikuwepo Amandina Lihamba, mwigizaji na mwongozaji aliyemleta Ousmane Sembène wa Senegal kwa Watanzania kupitia Hawala ya Fedha, mwaka 1980. Mwaka 1982 Lihamba, Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa pamoja Harakati za Ukombozi. Alikuwepo pia Emmanuel Mbogo, mtunzi wa Giza Limeingia na Ngoma ya Ng'wanamalundi, na Edwin Semzaba, ambaye Ngoswe wake, karani wa sensa aliyeacha kuhesabu watu akahesabu siku za kuonana na msichana, amekuwa jina la kutaniana kwa kila aliyesoma sekondari nchini. Upande wa uchoraji chuo kilikuwa na Sam Ntiro na Elias Jengo, kwani katika miaka ya 1970 sanaa za uchoraji, muziki na maonyesho ziliwekwa katika idara moja.

Watu hawa walifundisha asubuhi na kufanya mazoezi jioni. Walimu na wanafunzi waliunda kikundi cha Paukwa, jina lililotokana na mwito wa kufungulia hadithi, na wakapeleka jukwaani kazi kama Lina Ubani na Ayubu katika miaka iliyokuwa migumu kuliko yote: vita vya Kagera vimekwisha, maduka matupu, foleni za sukari na sabuni kila kona. Mtazamaji aliyekuja alikuwa ameacha foleni, na waigizaji walilijua hilo.

Mjini ukumbi ulijaa

Tuseme ukweli: wakati huo watu wa kawaida wa Dar es Salaam waliokwenda kutazama sanaa mwishoni mwa wiki walikwenda kwingine. Vikundi vya utamaduni vya mjini, Muungano ya Norbert Chenga na vingine, na kuanzia 1992 Tanzania One Theatre ya John Komba, viliuza tiketi katika kumbi za baa na za jamii, DDC Kariakoo ikiwa miongoni mwake. Kwa kiingilio kimoja ulipata ngoma, sarakasi, kwaya, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarab ya kufungia. Watu walipanda jukwaani kumtuza mwimbaji kwa noti, na ubeti uliomchoma hasimu ulirudiwa mpaka mwenyewe ajijue.

Walimu wa Mlimani waliotazama kwa makini walijifunza huko mambo mawili. Kwanza, hadhira yetu haikai kimya kama ya ukumbi wa Ulaya. Hujibu, huimba, huingia. Pili, ngoma, hadithi na maigizo havina kuta kati yao. Ndiyo maana tamthiliya zao za miaka hiyo zina watambaji, nyimbo na wachezaji wa ngoma ndani yake.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa kuacha kuwapelekea watu michezo iliyokwisha andikwa. Makerere ilikuwa na kikundi chake cha kusafiri tangu 1965, na nchini Kenya watu wa Kamiriithu waliigiza maisha yao mwaka 1977 mpaka serikali ikawavunjia ukumbi mwaka 1982. Mlama, Lihamba na wenzao, wakishirikiana na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, walikwenda Malya huko Mwanza, kisha Msoga na Mkambalani. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, wakayatungia ngoma na maigizo ya papo hapo, wakayaonyesha mbele ya kijiji kizima pamoja na viongozi, kisha wakafungua majadiliano: nani anahusika na nani atafanya nini. Mlama aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991, kinachosomwa hadi leo na wanaofanya sanaa za maendeleo barani kote. Mwaka 1996 yeye na Lihamba wakapeleka mbinu hizo katika shule za sekondari kwa mradi wa Tuseme, ambapo wasichana hutunga michezo kuhusu yanayowazuia kusoma. Mradi huo ulivuka mipaka ya Tanzania kupitia FAWE, shirika la wanawake waelimishaji Afrika ambalo Mlama aliliongoza kutoka Nairobi.

Kuondoka, filamu, na rafu za vitabu

Miaka ya 1980 iliumiza chuo. Mishahara haikutosha na wengi walitafuta njia nyingine. Ebrahim Hussein aliacha kufundisha mwaka 1986. Kwenye Ukingo wa Thim ikafuata mwaka 1988, halafu ukimya mrefu kutoka kwa mtunzi wetu mkubwa wa tamthiliya.

Televisheni ilipofika bara katikati ya miaka ya 1990, waigizaji wa mitaani waliihamia haraka, na baada yake zikaja filamu za video. Kariakoo ikawa soko lake kuu: wafanyabiashara waliouza kanda, na baadaye diski, ndio walionunua filamu kwa watayarishaji na kuamua zipi zitoke. Wasomi wengi walizidharau. Lakini Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika kumzika ulionyesha waigizaji hao walikuwa na nafasi gani katika mioyo ya watu. Mlimani nako kulikuwa na mfano wake: Lihamba alikuwa ameigiza katika Arusi ya Mariamu ya 1985 na Maangamizi ya 2001, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo za Oscar. Idara, ambayo sasa ni ya Sanaa Bunifu, ilijenga masomo ya filamu pembeni ya jukwaa.

Leo tamthiliya za kizazi kile zinapatikana kwa urahisi mjini. Muulize mwuza vitabu yeyote wa barabarani, atakupa Ngoswe au Kinjeketile vilivyokunjwa pembe na wasomaji watatu waliotangulia. Hata hivyo wengi wanaozinunua wanazinunua kwa ajili ya mtihani. Wanajua dhamira na tamathali za usemi za mchezo ambao hawajawahi kuuona ukichezwa. Hilo ni deni la chuo, na linalipika. Maonyesho ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho yanaweza kufanyiwa DDC Kariakoo au Mnazi Mmoja, kwa bei ya mama lishe na kuli, na mtahini akakaa miongoni mwao asikilize wanachosema.

Malighafi nayo haijaisha. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa manung'uniko ya kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, mmoja baada ya mwingine akisimama kusema yake mbele ya umati. Novemba 2024 ghorofa likaporomoka Kariakoo na jiji likakesha likingoja waliofukiwa. Watu wa mitaa hii wana matukio yanayostahili mtunzi wa kiwango cha Hussein na mwongozaji wa kiwango cha Lihamba. Vijana wenye vipaji hivyo wamo madarasani Mlimani sasa hivi. Walimu wao wawape nauli na muda, wawatume Kariakoo wakae na watu kama wale wa kabla yao walivyokaa Malya, na wakirudi na mchezo, onyesho la kwanza lifanyike kwa wenye hadithi yao. Mcheza kwao hutunzwa, na Kariakoo ni kwao.